Jezi ya Kijani

Kaka mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na lile goti ulilosema uliumia mazoezini limepona. Sisi huku hatujambo, ila miguu ya Mama inavimba, na simu ikilia yeye ndiye wa kwanza kuuliza kama ni wewe.

Unaikumbuka picha niliyopiga timu yenu ilipokuja kucheza hapa mwaka jana? Ulituambia tumtafute golikipa wa akiba mwenye jezi ya kijani, kwa kuwa wachezaji mnafungiwa kambini na hamruhusiwi kuonana na ndugu. Kutoka jukwaa la mbali niliambulia doa la kijani lisilo na pua wala macho. Mama akalitia kwenye fremu, akalitundika sebuleni. Baba alipofariki, nawe ukasema kocha amekunyima ruhusa kwa sababu siku ya mazishi unadaka, mashangazi walinuna hadi makaburini. Mama aliwaonyesha doa hilo, akawaambia mwanawe ana majukumu mazito.

Mimi picha ile ilinikera. Mwenye studio ninakofanya kazi, tunayemwita Tulia kwa sababu hana neno jingine mdomoni, aliniazima lenzi ndefu ya kuvuta vitu vya mbali, nzito kama mtoto aliyelala. Nikawa napiga kunguru kwenye antena ya jirani, na kunguru wote wakatoka ukungu mtupu. Jirani akaja juu kwamba nachungulia nguo zake za ndani kambani. Nikamwambia kwa picha zangu zile, hata shuka nisingelitambua. Tulia alicheka, kisha akanieleza kwamba lenzi ile ikivuta kitu karibu, huukuza na mtetemo wa mkono. Akanifundisha kubana viwiko mbavuni, kuegemeza lenzi juu ya mfuko wa mchele, kuongeza kasi ya kamera, na kutopiga jua linapowaka, maana joto la mabati huichezesha hewa na picha huharibika hata mkono ukitulia. Zaidi ya yote, nilenge jicho. Haraka haraka haina baraka. Nilikomaa na kunguru wale mpaka manyoya yakaonekana moja moja.

Timu yenu ilipokuja tena mwezi uliopita, ulisema tena hamtoki kambini. Nikabeba mfuko wangu wa mchele hadi uwanjani, nikalenga jicho la mwenye jezi ya kijani. Picha ilitoka safi ajabu, na mtu yule simjui. Wewe ulikuwa mbele yake, umepiga magoti kando ya ndoo ya maji, unamfunga kamba za viatu.

Kaka, kazi ni kazi, na kubeba ndoo si aibu. Lakini Baba alizikwa bila wewe, eti usije ukaulizwa habari za mpira. Hilo limenichoma, na sijui kama nitakusamehe.

Nililitoa lile doa ukutani, nikampa Mama picha mpya nikidhani atalia. Aliitazama kwa muda, akasema umekonda. Kisha akaniambia kwamba siku ya msiba alimpigia kiongozi wa timu ili akuombee ruhusa, akajibiwa kuwa siku ya mazishi hakuna mechi yoyote. Alijua, na bado alisimama mbele ya mashangazi akakutetea.

Amenikataza kukuandikia haya. Anakusalimu sana na anaulizia goti lako. Picha iliyo safi nimeitia humu, uitunze wewe. Ukutani kwetu lile doa limerudi mahali pake.

Ni mimi mdogo wako,
Mpiga picha