Mashine Iliwahi

Jumanne, 4 Machi. Jinja.

Betri moja inasumbua tena. Asubuhi nzima kurusha droni na sanduku tupu hadi ng'ambo ya mto na kurudi. Inafika, inashusha sanduku kwa kamba, inarudi zake. Siku ya kazi sandukuni kutakuwa na mashine ya kushtua moyo. Mtu akianguka, moyo ukasimama, jirani aliyefundishwa anambandika vibandiko viwili kifuani, na mashine inamwambia la kufanya. Ukingoja ambulensi utakuta watu wameshaanza kulia.

Mchana mafunzo. Nikifundisha kwa Kiswahili, lugha ya askari hapa Uganda, watu wananyooka kama wako kwenye gwaride. Uaskari magereza nimestaafu, sauti haijastaafu. Mwendesha boda mmoja aliona haya kumvua mdoli blauzi. Mdoli! Nikamfokea. Kifua ni kifua, nikamwambia, hapa hakuna mke wa mtu.

Alhamisi, 6 Machi.

Daktari, mkuu wetu, amesema mradi unaingia Mbale. Kituo kitakuwa Industrial Division, watu wa kujitolea tuwapate Namakwekwe na Nkoma. Anatafuta mkufunzi wa huko. Nilinyoosha mkono kabla hajamaliza.

Khainza, mke wangu, amefurahi kupita kiasi. Kwao ni Namakwekwe, na mama yake ana presha. Anasema sasa Mama atalindwa na mkwewe. Kichwa kimenivimba, sikatai.

Jumanne, 11 Machi. Mbale.

Nimepanga chumba Nkoma. Kulala kwa wakwe hapana, sisi Wagisu hatufanyi hivyo. Kusalimia lazima. Nilikaa barazani, Mama mkwe ndani, nyuma ya pazia, maana kwa mila yetu mkwe na mama mkwe hawaonani. Miaka yote ya ndoa sijawahi kumshika mkono huyu mama. Sura yake naijua kwa picha. Tukizungumza, maneno yanapita kwa mtu wa tatu, hata kama tunasikiana vizuri kabisa.

Leo wa kupitishia alikuwa jirani yake, Mama Zaitun, Mnubi, Kiswahili chake kimenyooka kuliko changu. Sauti ikatoka ndani: "Mwambie huyo mtu wa ndege asije akaniangushia chuma juu ya mabati yangu." Tulicheka wote, naye huko ndani akacheka mpaka akakohoa. Kisha ikatoka sahani ya malewa, machipukizi ya mianzi kwa karanga, imejaa hadi pembeni. Nampenda huyu mama. Nikikosana na Khainza, anayenitetea ni yeye.

Ijumaa, 14 Machi.

Mafunzo Namakwekwe. Niliwataka wake za mashemeji zangu waje, wale wanaokaa na Mama. Wamesema wana kazi. Amekuja Mama Zaitun peke yake. Akili anayo, lakini mikono ina baridi yabisi, kifua cha mdoli hakibonyei. Nimempitisha hivyo hivyo. Si kitu. Mimi mwenyewe nipo.

Jumapili, 16 Machi.

Mama amefariki. Siwezi kuandika.

Jumatatu, 17 Machi.

Naandika, maana kulala siwezi.

Jana asubuhi nilikuwa Namakwekwe, kwenye kibanda cha chai karibu na barabara. Simu ya kituo: mtu kaanguka. Wakanitajia nyumba. Nikarukia boda. Nilipofika uani droni ilikuwa juu, sanduku linashuka. Iliwahi. Nililipokea kwa mikono yangu mwenyewe.

Nikafika mlangoni. Pazia limesukumwa pembeni. Mama chali kwenye mkeka, amevaa gomesi, gauni lake jipya la kanisani, miguu mitupu. Nikageuka. Sikufikiri. Mwili wenyewe uligeuka, kama mtu aliyefungua bafu akakuta kuna mtu. Sanduku nikamsukumia Mama Zaitun kwa nyuma. "Afande, ingia!" akapiga kelele. "Ingia wewe!" Nikamwambia afanye yeye, nitamwelekeza.

Nikaelekeza nimeupa mlango mgongo. Mashine inasema Kiingereza, mimi natafsiri kwa kupiga kelele uani, kuku wanakimbia. Bandikeni kwenye ngozi. Wamebandika juu ya shimizi. Kateni nguo, mkasi umo ndani. Wake za mashemeji hawataki kukata gomesi ya kanisani, wanafungua mshipi, wanafungua vifungo, taratibu, kana kwamba tuna siku nzima. Kandamiza kifua! Namsikia Mama Zaitun anahema na kulia kwa maumivu ya vidole. Nilijua kifua hakibonyei. Nilijua kabisa, nimesimama pale na mikono hii mizima iliyofundisha watu Jinja nzima.

Walipoifikia ngozi, mashine ikasema mshtuko hauhitajiki, nikatafsiri. Ndani wakashangilia. Walidhani amepona. Mimi ndiye niliyejua maana yake: moyo ulikuwa umetulia kabisa, hakuna tena cha kushtua. Nikawaacha washangilie. Hata hilo sikuwa na ujasiri wa kulisema.

Jumatano, 19 Machi.

Tumemzika. Mjomba wa Khainza alisimama akanisifu mbele ya watu wote. Mkwe mwenye adabu, akasema. Hata siku ile, kati ya kelele zote, hakuvuka mlango wa mama mkwe wake. Watu wakaitikia, wazee wakatingisha vichwa. Nilitamani ardhi inimeze. Mama Zaitun alikuwa amekaa na akina mama wenzake. Hakunitazama hata mara moja.

Khainza aliniegemea baadaye. "Ndege yenu ilichelewa tu," akasema. "Usijilaumu." Nikamwacha aamini hivyo. Mwoga mkubwa mimi.

Jumamosi, 22 Machi.

Daktari kapiga simu. Kituoni waliiona droni ikifika mapema, sasa anauliza ilikuwaje mashine isishtue. Nikasema watu walikuwa wengi, vurugu. Uongo mtupu.

Namakwekwe wote wanasema ndege ilichelewa. Wawili katika watu wangu wa kujitolea wameacha, wanasema wataitwa wauaji bure. Mashine inabeba lawama yangu na mimi nakunywa chai.

Jumanne, 25 Machi.

Nimejitetea vya kutosha kichwani. Mila, nasema. Mila gani? Hakuna mzee aliyesimama mlangoni na fimbo. Baba mkwe hakuwepo. Akina mama waliokuwemo ndani walikuwa wananiita. Wangenisema, ndiyo. Wazee wangenitoza mbuzi wa kunitakasa, yangekwisha. Aliyenikataza ni mimi, peke yangu.

Nimempigia Daktari nikamwambia ukweli. Akaniuliza kama mke wangu anajua.

Ijumaa, 28 Machi. Jinja.

Nimerudi nyumbani. Mvua imenyesha mchana kutwa, jioni imeacha. Khainza alikuwa anakunja nguo za watoto sebuleni. Nikakaa nikamwambia. Kwamba droni iliwahi. Kwamba sanduku nililishika. Kwamba nilimpa Mama Zaitun. Akauliza swali moja tu: angekuwa mama wa mtu mwingine, ningeingia? Nikasema ningeingia.

Akaendelea kukunja. Nilingoja anitukane, ingekuwa afadhali. Alikunja mpaka zikaisha.

"Mama angeona aibu sana," akasema. "Lakini angekuwa hai kuiona."

Akabeba nguo akaingia chumbani. Sijui kama nimfuate.