Jioni Baba Aliposhika Gitaa la Besi

Nyumbani, chumba cha uani,
Jumapili, baada ya chai.

Mpendwa dada yangu,

Shikamoo. Hujambo huko uliko? Shemeji na watoto je, wazima? Na kile kifua kilichokuwa kikikusumbua, kimepona? Sisi huku wazima wa mwili, saluni inakwenda, na mdomo wangu bado haujapata breki. Ila leo nakuandikia moyo ukiwa mzito. Ningekupigia, lakini simu nimeanza kuiogopa. Utaona kwa nini.

Juzi jioni nilimtoa Baba. Tangu astaafu kule kiwanda cha uchapaji amekuwa mtu wa kujifungia na redio yake, tena anaifungulia mpaka majirani wanalalamika. Nikasema hapana, twende pale mgahawa wa kwenye kona, Ijumaa kuna bendi. Akavaa shati la mistari ulilomtumia. Weee, mzee alipendeza!

Kumbe mpiga kinanda ni mwenzake wa zamani, wa enzi zile Baba akitoka kazini anakwenda kupiga besi. Alipomwona tu akamwita mbele. Baba akajifanya kukataa kama bibi harusi, kisha akaenda mbio.

Wakaanza wimbo wa polepole. Baba akaanza mwingine kabisa, wa kuchangamka, wa zama zao. Nilicheka mpaka soda ikanipalia, nikisema huyu mzee na ubishi wake! Nikaona mpiga ngoma anamtazama mpiga kinanda, halafu taratibu akabadilisha mdundo. Kinanda kikafuata. Mwimbaji naye akameza maneno aliyokuwa ameshayaanza, akadaka yale ya zamani. Watu wakainuka kucheza, hakuna aliyejua lolote.

Wimbo ukaisha, wenzake wakanyamaza. Baba akaendelea peke yake, macho amefumba, anatabasamu.

Hapo kicheko changu kikakatika. Mpiga kinanda alimgusa bega, na baadaye akanifuata mezani. "Mwanangu, mzee hasikii huyu. Nyumbani hamjui?"

Dada, nilitamani ardhi ipasuke. Naishi naye nyumba moja! Nikimwita asipoitika, nasema ana kiburi. Kumbe mashine za kiwandani zilishamla masikio, naye anaficha, anacheka tunapocheka. Aliporudi mezani alikuwa anatoka jasho kwa furaha, ananiambia vijana wa siku hizi wanajua kupiga. Nikaitikia tu.

Jana nikamsogelea, nikamuuliza kwa kupaza sauti. Akakiri. Alikuwa anaogopa tutamwona mzigo. Kisha akaniuliza, "Dada yako alipokuwa akinipigia simu, alikuwa anasema nini?"

Nilikumbuka ile siku uliyomwomba radhi kwa kuondoka bila kumuaga. Ulilia kwenye simu, nilikusikia nikiwa nimesimama pembeni. Yeye akasema, "Haya, haya, salimia watoto," akanirudishia simu. Ukaniambia moyo wa Baba ni jiwe, na tangu hapo unanipigia mimi tu. Hata mimi nilimnunia. Dada, hakusikia hata neno moja.

Wanasema majuto ni mjukuu, basi mimi huyu mjukuu nimeshampakata. Ningemtazama vizuri siku ile, usingekaa na donge hilo muda wote huu, wala yeye asingekaa akidhani umemsusa.

Sijamwambia ulichosema. Neno lile ni lako, na sikutaka limfikie kwa mdomo wangu wa saluni. Mwandikie wewe, kwa herufi kubwa. Macho yake ni mazima, gazeti analisoma mpaka matangazo ya vifo. Lakini usikawie, nakuomba.

Mama mdogo anakusalimu, analalamika umemsahau. Nibusie watoto, na shemeji mwambie yale mafuta ya nywele aliyoniahidi bado nayasubiri. Mungu akufunike kwa rehema zake, akuondolee kifua hicho na yaliyomo ndani yake.

Baba naye nimemuuliza nikuandikie salamu gani kutoka kwake. Amefikiri kidogo, akasema, "Mwambie hata kama hataki kuniomba radhi, aje tu."

Mdogo wako akupendaye,
Chiriku