Kandambili Mlangoni

Dada yangu mpenzi,

Salamu nyingi zikufikie hapo ulipo, wewe na shemeji na watoto. Kifua cha yule mdogo kimepona? Sisi huku tungali wazima, ila uzima wenyewe ni wa kuungaunga, na leo sitakuficha kitu.

Uliniuliza hali ya mama wa kambo. Macho yamezimika kabisa, haoni hata mwanga wa dirishani. Tangu baba afariki nimebaki naye peke yangu, na majirani wananisifu mpaka naona haya. Fundi cherehani wa mlango wa pili huwaambia binti zake waje kwangu wajifunze utu.

Sifa hizo siku nyingine nilizistahili. Nilimwogesha, nikamkata kucha, nikamsukia nywele. Aliniomba jambo moja tu, kwamba nikiwa ndani niburute kandambili ili ajue nilipo. Nikaburuta. Lakini kila nikikumbuka alivyozichoma nguo za marehemu mama pale uani, sisi wawili tukitazama, moyo ulinigeuka. Siku hizo nilizivua kandambili, nikaketi pembeni, nikamwacha aniite mpaka achoke. Mimi unayeniita Kasuku, nilijiambia kunyamaza si dhambi.

Ijumaa iliyopita alitaka chai. Aliita, kisha akainuka mwenyewe, akapapasa ukuta mpaka jikoni. Nilikuwa pale pale, miguu mitupu. Niliuona mkono wake ukiiendea sufuria iliyokuwa inachemka. Neno moja lingetosha. Dada, nilikuwa nalo mdomoni na sikulitoa. Maji yote yalimmwagikia tumboni na mapajani.

Ndipo nikavaa kandambili, nikaja mbio nikipiga mayowe kana kwamba nimetoka dukani. Majirani walipojaa, yeye mwenyewe aliwaambia kwamba alikuwa amenituma sukari, wasinilaumu. Nikadhani nimesalimika. Walipoondoka akaniambia polepole, "Mlango wetu unalia ukifunguliwa, mwanangu. Leo haukulia."

Miaka yote ile hakuwahi kuniita mwanangu.

Muuguzi anayemfunga vidonda anasema vimeoza, tujiandae. Mgonjwa anakuulizia wewe kila siku. Najua uliapa hutakanyaga nyumba hii yeye akiwa hai. Mimi sina uso wa kukusihi, ila nadhani anataka kukuomba radhi kwa zile nguo, na sauti yake inazidi kufifia.

Ukija, usije ukidhani nimetakata. Jana aliomba maji tena na tena, nami nimechoka. Nikasimama kwenye kizingiti cha chumba chake, kandambili nimezishika mkononi. Akauliza, "Upo, sivyo?" Nilikaa kimya kidogo, dada, hata baada ya yote hayo. Kisha nikazivaa, nikaburuta mpaka kitandani.

Msalimie shemeji, na watoto uwakumbatie kwa niaba yangu. Usiwasimulie haya. Mgonjwa naye anakusalimu.

Ni mimi mdogo wako,
Kasuku