Kikaangio Kwenye Kikao cha Zebaki

Esta, ile meseji ya asubuhi, kwamba leo wazee wa kata watapanga foleni kupiga picha na mimi, ifute. Nimechoka.

Si unajua kikao kilikuwa cha sheria ndogo ya kuzuia sumu ya zebaki, na sisi vijana wa machimbo tulikuwa tunaomba kiti kimoja kwenye kamati ya afya? Kimoja tu!

Nikasimama: "Vijana hatuchomi tena dhahabu yenye zebaki majumbani. Tuaminini." Makofi! Mwenyekiti akashika kalamu atuandike.

Mara mwenye nyumba wangu, Mama Mwanaima, akanyanyuka kule nyuma. Kashika kikaangio. Kikaangio, Esta!

"Mwenyekiti, huyu mpangaji wangu jana kachomea dhahabu humu, ninamokaangia watoto mayai."

Kalamu ikarudi mfukoni.

Mama akanisogezea kikaangio. "Haya mheshimiwa, kaanga mayai humo ule, sote tukuone."