Pensheni ya Mjane wa Bwana Samaki

S.L.P. 1147,
Kibuye, Kisumu.
12 Aprili, 1992.

Mpendwa ndugu yangu Ambani,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu huku ziwani. U hali gani? Kile kifua chako kimepoa na jua la Lodwar, au vumbi la hiyo barabara mnayotengeneza limekiamsha tena? Nasikia huko maji ya kunywa yanaletwa na lori. Kunywa ya kutosha, usijifanye ngamia. Sisi tunapumua. Baba watoto bado analalamikia mgongo, watoto ni wazima, na mimi cherehani yangu haijanishinda.

Barua yako ya Krismasi ilifika Februari. Nimechelewa kujibu kwa sababu nilitaka kuandika nikiwa nimetulia. Bado sijatulia, ila nimeona nikiendelea kungoja hilo, hutapata barua kamwe.

Habari nzito ni ya Dorca, dada yetu. Pensheni yake ya ujane imekatwa. Tangu mwaka jana hajaona hata ndururu. Mwanawe Ouma amerudishwa kutoka shule kwa kukosa karo, na sasa yuko Usenge anaanika omena za watu, ufuoni pale pale ambapo marehemu baba yake alikuwa akipima samaki kwa kazi ya serikali na kila mtu akimwita bwana samaki. Wale wasichana wawili wako na mama yao Nyakach, na unga wanakopa.

Si kwamba serikali imemsahau. Ingekuwa hivyo ningenyamaza, maana kusahauliwa tumezoea. Wamemkata kwa sababu, wanasema, ameolewa tena.

Najua hapo umeiweka barua chini. Iokote nikueleze.

Wewe ulikuja kumzika mumewe Dishon ukarudi kazini, kwa hivyo yaliyofuata hukuyaona. Dishon alikuwa kifungua mimba kwao. Katika boma lao mke wa mwana wa kwanza ndiye hutia mbegu ardhini kwanza, ndipo wake wa wadogo wafuate. Na mjane haruhusiwi kutia mbegu mpaka mwanamume wa ukoo aingie nyumbani mwake, yule wanayemwita jater. Basi mvua ikaja, Dorca bado anamlilia mumewe na hataki kusikia habari ya mwanamume yeyote. Wake wenzake wa boma wakakaa na mbegu kwenye makopo. Majirani wakapanda, wakapalilia, wao wanatazama tu. Mwisho wake Beldina, mke wa Absalom, yule anayemfuata Dishon, alikuja mlangoni kwa Dorca na watoto wake nyuma, akamwomba amkubali mumewe ili watu wapande. Hebu fikiria mwanamke kumwombea mume wake jambo kama hilo. Dorca akakubali. Absalom akaingia, asubuhi yake Dorca akashika jembe, na boma zima likapanda.

Hakuna ng'ombe aliyetolewa. Absalom ana nyumba yake na Beldina wake. Kwa Dorca anakuja kuziba paa likivuja, na kukaa kidogo ili isisemwe nyumba imeachwa. Hata angezaliwa mtoto, angeitwa wa Dishon. Mimi desturi hiyo siipendi na Dorca nilimwambia waziwazi, lakini hata mimi ninayeichukia siwezi kuiita ndoa.

Sasa, kila mwaka mjane sharti afike ofisi ya malipo hapa Kisumu aonyeshe uso, waone yu hai na hajaolewa. Mwaka jana Dorca alikuwa amevimba miguu. Wazee wakaona ni aibu aende peke yake kama mtu asiye na kwao, wakamtuma Absalom amsindikize. Jamaa akanyoa ndevu, akavaa koti la marehemu, akaja amesimama wima kama anayekwenda kuposa. Walipitia kibandani kwangu nikawapa chai, tena nikalisifu lile koti. Ningejua, ningemfungia humo ndani na kufuli.

Karani, kijana wa tai, akauliza huyu ni nani. Absalom alidhani anaulizwa kama mjane ana watu wa kumjali. Akasimama.

“Mimi ndiye ninayeshika nyumba ya ndugu yangu tangu afe,” akasema. “Mama huyu hajakosa mtu.”

Karani akamuuliza kama hulala huko. Absalom hajui kusema uongo, akajibu ndiyo, nyumba ya ndugu yake haiwezi kuachiwa popo. Dorca anasema alitaka kumvuta koti akaona haya mbele za watu. Karani aliandika, akawashukuru vizuri, nao wakarudi kwangu wakala mandazi wamefurahi kwamba wamesikilizwa. Pesa haikuja tena tangu siku hiyo.

Ambani, nimezungushwa mpaka soli ya kiatu imekwisha. Dirisha hili linakutuma lile, lile linakwambia mwenye faili ameenda kwa mazishi. Nilipomfikia mkubwa wao, mama mmoja wa sauti ya upole, alinieleza polepole kama mtu anayefundisha mtoto. Pesa ya mjane ni ya mjane. Akiolewa, mume amlishe. Ikiwa huyo Absalom amemwacha, tulete ushahidi wa talaka naye ataandikwa mjane tena. Nikamuuliza mtu atapewaje talaka na mwanamume ambaye hakumwoa. Akaniuliza, basi alikuwa akilala pale kama nani?

Nimejaribu kumchukia yule mama nimeshindwa. Anafuata kilichoandikwa. Lakini aliyekiandika, huyo ningependa kumpata siku moja Kibuye, nimkalishe kwenye gunia la mitumba, nimuulize kama aliwahi kulala njaa na mbegu ziko ndani ya nyumba.

Kwenye ile foleni ndiko utasikia serikali ikivuliwa nguo. Mzee mmoja aliyestaafu reli alisema wanatuhesabu wazima siku ya kura na wafu siku ya malipo. Zeituni wa Kaloleni, ambaye marehemu mumewe alikuwa mpishi wa gereza, aliniambia amekataa wachumba wawili wazuri kwa ajili ya pesa hiyo, na bado hajaiona. Wengine walimlaumu Dorca, ati angemficha mwanamume wake kama wenzake wanavyoficha. Walionitia uchungu zaidi ni hao, kwa sababu wanasema kweli. Wadanganyifu wote foleni ile wanalipwa. Mtu mmoja akasema tushukuru hata kwa hicho kidogo, nchi nyingine hawapewi kitu. Alipigiwa kelele mpaka akahama foleni.

Basi nikapiga moyo konde. Nikaona kama wanataka talaka, tuwape talaka. Nilienda hadi Pap Onditi, kule kwao Nyakach, nikamwona Absalom. Maskini yule mtu amekonda kwa aibu, anajiona ndiye aliyewanyang'anya watoto wa ndugu yake chakula. Akakubali kuja kusema lolote nitakalomwambia. Chifu akaandika barua, baada ya kupewa chai yake, na chai yake si ya maziwa. Wazee wa ukoo tu ndio waliokataa. Walimwambia Dorca kwamba wao hawajui talaka ya namna hiyo, ila mwanamke anayeandika kwa mkono wake kwamba ametoka katika boma lile, asitazamie kuzikwa humo. Mimi nikamwambia asiwasikilize, wanabwata tu.

Tukafika ofisini sote watatu. Yule mama akatoa karatasi, akaisoma kwa sauti ili Dorca aelewe. Ilisema kwamba yeye Dorca, aliyekuwa mke wa Absalom, ameachana naye na hana tena haki wala uhusiano na boma la ukoo wake. Dorca akachukua kalamu. Nikaona mkono unashuka, nikasema moyoni, ahsante Bwana, Ouma amerudi shule. Halafu akaiweka kalamu mezani taratibu.

“Boma la Absalom ndilo boma la Dishon,” akamwambia yule mama. “Nikiandika nimetoka, nikifa nitalala wapi?”

Yule mama akairudisha karatasi ndani ya faili. Absalom alitazama sakafu. Tulipewa mpaka mwisho wa Juni, baada ya hapo faili inafungwa kabisa.

Njiani nilimsema. Sikufichi, nilimsema vibaya, mbele ya Absalom na wapita njia. Nilimwambia watoto hawali kaburi, kwamba anaweka heshima ya maiti mbele ya tumbo la mtoto, kwamba mwanawe ananuka omena kwa sababu ya kiburi chake. Tulipofika kibandani Dorca akaomba maji. Alipoinua gilasi, mkono wa sweta ukateremka mpaka kiwiko, nami nikauona ule mkono. Umebaki mfupa, Ambani. Ulimwona Dishon alivyokuwa siku zile za mwisho, sina haja ya kukuandikia zaidi. Nilikuwa nikidhani ni miguu tu, na sweta ameivaa kwa baridi, jua lote hili la Kisumu.

Basi ndiyo maana anauliza atalala wapi. Haulizi kwa kiburi, anataka kujua tu. Tangu siku ile sijamwambia tena atie sahihi, na usiku nikimkumbuka nilivyomfokea nasikia kulia.

Kabla hajapanda gari kurudi, alinishika mkono akanitajia shangazi Jerida. Unakumbuka aliporudi nyumbani baada ya kuachika, na alipokufa wakamchimbia nje ya ua, kule chini kando ya mtaro, kwa kuwa binti aliyeolewa hana nafasi ndani. Sisi tulikuwa watoto tunachungia ng'ombe juu yake, hakuna aliyetukataza. Dorca aliniambia hataki ya Jerida. Afadhali akae Nyakach bila pesa, walau anajua ni upande upi wa kaburi la mumewe watakapomweka.

Sasa ombi langu. Usitume pesa. Najua mshahara wako unavyoingia na kutoka, na chochote utakachotuma kitaliwa mwezi mmoja. Ninachotaka ni kitu ambacho mimi siwezi kukitoa. Shamba la Baba kule Maragoli ni lako. Mimi nami ni binti, sina ardhi hata ya kusimika mguu, nikimwahidi Dorca atajua ninambembeleza. Wewe ukimwahidi ataamini.

Mwandikie kwa mkono wako mwenyewe kwamba Nyakach wakimkataa, utamleta nyumbani, na utamweka ndani ya ua, karibu na Mama. Mwambie mahali penyewe, asibaki kukisia. Najua jamaa watasema, na ami atakuja juu, nawe waambie boma ni lako. Akiipata hiyo barua atatia sahihi, wasichana watakula, na Ouma atarudi darasani angali anakumbuka alichosoma. Usimwandikie kwamba atapona. Hayo wameshamwambia wengi. Mwandikie kaburi, ndugu yangu, uiandike kabla ya Juni.

Nisalimie wenzako mnaolala nao kambini, na yule Shitanda dereva aliyeniletea mzigo wako, mwambie mke wake anapita hapa kila Jumapili na ni mzima. Baba watoto anakusalimu, na watoto wanamsalimu mjomba wao. Beldina naye alinituma nikusalimu, hana ubaya wowote yule mama.

Mungu akulinde kwenye hiyo barabara, na akupe mkono mwepesi wa kuandika.

Ni mimi dada yako nikupendaye sana,

Kageha.