Vikombe Vyako Viligongana Tena

Mama Salma, rafiki yangu,

Asalaam aleikum. Najua ungeanza kwa kucheka ninavyoitamka, ndipo uitikie.

Hapa Ifakara tunaendelea. Salma ameshika duka lako la vyombo na ameupaka mlango rangi ya waridi. Mimi bado nipo mlango wa pili na cherehani yangu. Nilinuna siku mbili kwa ile rangi, sasa nimeizoea.

Leo nakuandikia kwa sababu ya tetemeko la Jumanne.

Unakumbuka lile la kwanza, bwawa jipya la umeme kule milimani lilipoanza kujazwa? Mimi nilidhani lori la miwa limepita. Wewe ulikuwa umekumbatia trei ya glasi, unapiga kelele, "Mama Tumaini, hili si lori! Lori halipiti chini ya miguu!" Tangu hapo vikombe vyako vikawa vinajua kabla yetu. Vikigongana tu, unatoka nje kutangazia mtaa mzima. Watu wakacheka. Mimi pia.

Kisha akaja yule binti mtaalamu wa miamba, akauliza matetemeko yalitokea lini na lini. Sote tukabaki tunakuna vichwa. Wewe ulimtajia moja baada ya jingine, maana kila moja lilikuvunjia kitu. "Hili lilichukua birika. Hili, sahani mbili za maua." Akakueleza kwamba maji mengi yakikusanywa pamoja huilemea ardhi, tena hupenya chini kwenye nyufa za zamani, na miamba ikateleza. Matetemeko mengi huwa madogo, alisema, ila hakuna ajuaye yatakuja lini. Wewe hukuuliza lini. Uliuliza, "Kabati likiwa refu, linamwangukia nani?"

Hapo ndipo ulipoanza. Ulifunga shelfu zako ukutani kwa vyuma vya kona, halafu ukaligeukia kabati la vitabu la darasa la kwanza, lile refu kuliko mlango. Kwenye mkutano wa mtaa ulilisema mara tatu, mpaka mwenyekiti akasema, "Mama Vikombe, kaa tuendelee." Watu wakaangua kicheko. Nami nikakuvuta nguo: "Kaa bwana, unatuaibisha."

Ulikaa. Hukuniangalia. Kesho yake ulikwenda shuleni na fundi seremala, hukunialika.

Wiki mbili baadaye presha ikakuchukua, na mimi nilikuwa bado sijasema kitu. Kwenye hitma yako nilikuna nazi mpaka vidole vikachubuka. Sikujua pa kulipeleka neno langu.

Basi Jumanne, saa nne asubuhi, nilikuwa nimepeleka sare shuleni, nimesimama mlangoni pa darasa la kwanza. Ardhi ikanguruma. Madawati yakacheza, mwalimu akapaza sauti, "Chini ya madawati!" Lile kabati likainama mbele, likalia, vitabu vikamwagika. Nikaona watoto watatu wamejikunja pale pale mbele yake. Nikapiga kelele nikiita jina lako. Sijui kwa nini lako. Vyuma vyako vya kona vikalishika, kabati likarudi ukutani. Likasimama!

Zilikuwa sekunde chache tu. Hakuna aliyeumia, ila mmoja aliyegongwa na kitabu cha hesabu, na nundu yake ameshaionyesha mtaa mzima kwa majivuno. Nje watoto walishangilia kama goli limeingia, wakaomba lirudiwe. Mimi nilikaa chini sakafuni, nikacheka huku nalia. Niliporudi, Salma akaniambia vikombe viligongana kwanza, naye akatoka nje kutangaza. Safari hii hakuna aliyecheka.

Nisamehe, Mama Salma. Hukutuaibisha. Ni mimi niliyeogopa kuchekwa.

Sasa mwenyekiti mwenyewe anaulizia vyuma vya kona vinauzwa wapi. Jumamosi tunakwenda Kiberege, fundi, Salma na mimi, maana mwalimu mkuu wa huko ametuita tukafunge makabati ya shule yake. Salma ataongea na wazazi; sauti amerithi yako. Mimi nimepewa kupanda ngazi na kutoboa ukuta kwa keekee, na unajua hata kwenye kiti sisimami bila kushikwa mkono.

Pumzika, rafiki yangu, Mungu akulaze pema. Nakuahidi nitapanda, miguu itetemeke inavyotaka, na atakayecheka acheke.

Rafiki yako,
Mama Tumaini