Vigae vya Mkamwana Wangu Vimepinda, au Ni Jicho?

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako huku nikijicheka, maana nisipojicheka mwenyewe wapo humu nyumbani wanaongoja zamu. Mimi ni mwalimu mstaafu wa hisabati, wanafunzi waliniita Rula, na ninaishi kwa mwanangu na mke wake. Juzi juzi huyu mkamwana wangu aliweka vigae vipya jikoni, nikavitazama nikaona vimebonyea katikati kama godoro lililokaliwa, nikamwambia, akakataa, nikamwita fundi, akaweka pima maji, akasema vimenyooka, nikamjibu kwamba pima maji yake nayo imepinda, akabandua akabandika upya, vikapinda palepale, na wiki hiyohiyo mlango wa bafu ukapinda, na nguzo ya umeme nje ikapinda, nami nikasema kweli siku hizi mafundi wameisha.

Mkamwana ndiye aliyenipeleka hospitali ya macho. Daktari akasema ni ugonjwa wa uzeeni, uko nyuma ya jicho, kwenye utando unaopokea picha, akaeleza kwamba humo kuna chembe za kinga, askari wa mwili, kazi yao kufagia taka na kulinda, lakini umri ukisogea taka zinarundikana, askari wanapandwa na hasira, wanahamia wasikotakiwa, na katika kuitetea nyumba wanachangia kuibomoa, ingawa si wao peke yao, hadi vimishipa vibovu vinaota na kuvuja, ndiyo maana mistari inapinda.

"Kwa hiyo, daktari," mkamwana akauliza taratibu, "ni walinzi wazee wanaoona kosa kila mahali?"

"Kwa namna fulani, ndiyo."

Mkamwana akakohoa. Kikohozi kile ninakisikia mpaka leo.

Wiki iliyopita nilitakiwa kurudi kuchomwa sindano ya jicho, nikasema tumbo linauma. Sindano naiogopa, sikatai, lakini zaidi naogopa kuona vizuri, maana vigae vikinyooka nitasema nini? Jirani amenipa unga wa kuongeza kinga, nakoroga vijiko viwili kila asubuhi. Je, utatosha, au ipo njia ya kutibiwa bila kukiri?

Rula

*

Mwalimu Rula,

Pole kwa jicho. Kwa hayo mengine sina pole.

Askari wako wanafanya fujo, nawe unataka kuwaongezea virungu? Unga huo hautibu jicho. Uache, na umweleze daktari kwamba umeunywa. Sindano ndiyo inayozuia vimishipa kuvuja. Utatiwa ganzi kwanza, na waliochomwa wanalalamikia foleni zaidi kuliko sindano. Lakini ugonjwa huu haumsubiri mtu amalize kununa. Sehemu ya katikati ikifa, hairudi. Leo ni vigae. Ukizidi kuchelewa, utamgeukia mwanao mezani na mahali pa uso wake utaona doa.

Eti unaogopa kuona vizuri! Miaka yote hiyo umewaambia watoto wa watu wafute jibu lililokosewa waandike upya. Futa lako.

Piga simu hospitali leo, omba nafasi ya karibu kabisa, na tumbo usilitaje. Bandika karatasi ya miraba kwenye friji, ile ya hesabu unayoijua. Kila asubuhi ziba jicho moja uitazame, kisha ziba la pili. Mistari ikipinda zaidi ya jana, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Halafu ingia jikoni mkamwana akiwepo. Fumba macho yote mawili, upitishe kidole kwenye ufa mwembamba ulio kati ya vigae, kutoka pembeni hadi dirishani. Kidole chako hakina ugomvi na mkamwana. Kikifika mwisho, sema neno moja tu: "Vimenyooka."

Akikohoa, mwache akohoe. Ndiye mwenye ufunguo wa gari.